Pikipiki ya silinda mbili ya lami na vumbi: ninavyozipanga kwa barabara zetu

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero ina vipande ambavyo vumbi la majivu limejaa barabarani kama unga uliomwagika. Hapo ndipo nilipolala na pikipiki yangu. Tairi la mbele lilizama, nami nikashika breki pale nilipotakiwa kuongeza mafuta. Wakatokea morani wawili na mbuzi mmoja, wote juu ya pikipiki ya cc 125, wakasimama. Mmoja alishika usukani, akavuta, akaachia. "Hii si pikipiki," akasema, "hii ni ng'ombe." Tuliiinua watu watatu. Wao wakaendelea na safari bila hata kuyumba, mbuzi akinigeukia.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue pikipiki gani kubwa, sianzi na nguvu za farasi. Namuuliza mambo mawili: ikilala ukiwa peke yako, utaiinua? Na ikipata pancha mbali na mji, utaizibaje? Orodha iliyo hapa chini imepangwa kwa maswali hayo. Ni ya mtu ambaye safari zake ni lami kwa sehemu kubwa, kisha kilomita ishirini, hamsini au mia za vumbi mwishoni, kwa sababu kijijini kwao au kambi anayokwenda iko huko. Kama wewe ni mtu wa mchanga na porini wiki nzima, tafuta silinda moja nyepesi, utaniombea dua.

Na usinunue pikipiki hii ukiota kuingia nayo Serengeti. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa za Tanzania. Mikumi utapita, kwa kuwa barabara kuu ya kwenda Iringa imekatiza humo.

Kwa nini silinda mbili

Kwa sababu ya lami. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ukizimaliza juu ya silinda moja, viganja vinakufa ganzi na malori ya Tunduma yanakupigia honi mgongoni kila mlima. Silinda mbili inatembea kilomita 100 kwa saa bila kulia, na bado ina akiba ya kulipita lori.

Injini nyingi za kisasa za aina hii zina silinda mbili zilizosimama sambamba, na krenki yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270. Milipuko haipishani kwa nafasi sawa. Ni dum-dum, kimya kidogo, dum-dum, sawa na injini ya V ya nyuzi 90, ile ambayo silinda zake zimeachana kama herufi V. Wanaozitetea wanasema ule ukimya mdogo unalipatia tairi la nyuma muda wa kushika ardhi. Mimi nasema tu kwamba kwenye changarawe unalisikia tairi vizuri zaidi, na mlio wake ni mtamu.

Kabla ya jina, tazama rimu

Pikipiki za bodaboda nyingi zina rimu za inchi 17 au 18 na matairi membamba. Kwa hiyo yule fundi pancha wa kijiweni hana tairi lako, wala tusidanganyane. Lakini tyubu ni habari nyingine. Rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma ndiyo ileile ya Yamaha XTZ 125 na Honda XL 125, pikipiki ambazo mabwana shamba, wauguzi na watu wa miradi wamezitumia vijijini kwa miaka mingi. Nenda mji wowote wa wilaya, ulizia anayetengeneza pikipiki za idara ya kilimo au afya. Tyubu ya inchi 21 una nafasi nzuri ya kuipata hapo. Ya nyuma itakuwa nyembamba kuliko tairi lako, lakini itakufikisha.

Rimu ya inchi 19 huna bahati hiyo. Nyingi kati yake, hata hivyo, ni tyubulesi: unachomeka utambi wa mpira kwenye tundu, unajaza upepo kwa pampu ndogo ya betri, unaondoka bila kufungua gurudumu. Kwa msumari au mwiba wa kawaida ni dakika kumi. Rimu ikipindwa na shimo, hapo tyubulesi inaanza kuvuja pembeni nawe unatamani tyubu.

Mnyororo nao. Bodaboda wanatumia saizi 428, hizi kubwa ni 520 au 525. Kiungo kimoja cha akiba cha saizi yako ni kitu kidogo kuliko kiberiti, na bila hicho utapakiwa kwenye fuso.

1. Suzuki V-Strom 650

Haina sura ya kuringia. Imekuwepo tangu 2004, injini ya V yenye cc 645, na imebadilika kidogo kidogo tu. Ndiyo maana naiweka juu: umri huo maana yake yaliyotumika ni mengi, vipuri vyake vinajulikana, na mafundi walioshaifungua wapo. Mbele inchi 19, nyuma 17, tyubulesi. Tanki ni lita 20, na zile za kabla ya 2012 ni lita 22. Ukiiendesha kistaarabu inakwenda kilomita 22 hadi 25 kwa lita, kwa hiyo unavuka kilomita 400 bila kutafuta kituo. Kiti kiko sentimita 83.5 kutoka chini, na mtu wa kimo cha kawaida anafika ardhini.

Uzito wake ni kilo 213 na zaidi kidogo kutegemea toleo. Si mwepesi, ila uko chini, na ikianza kulala unaweza kuizuia kwa mguu.

Udhaifu wake uko tumboni. Bomba la ekzosi la silinda ya mbele na filta ya oili vimekaa mbele ya injini, vinatazama mawe uso kwa uso. Ukiinunua, kitu cha kwanza ni bamba la chuma la kukinga pale chini, kabla ya mabegi, kabla ya taa za ziada, kabla ya picha. Shokapu zake ni laini. Ukipakia abiria na mzigo zinagonga mwisho kwenye matuta. Na kwenye vumbi refu, tairi la inchi 19 linatangatanga. Mimi ni shahidi.

2. Yamaha Ténéré 700

Kama vumbi lako linafika nusu ya safari, hii ipande juu ya V-Strom. Imetoka 2019 na jina lake ni la jangwa la Niger ambalo mbio za Paris–Dakar zilikuwa zikilikatiza. Injini ni cc 689, ileile ya MT-07 ya barabarani, inayojulikana kwa kutosumbua. Rimu ni 21 na 18 kwa tyubu, uzito kilo 204 hivi pamoja na mafuta, na zile za mwanzo hazina vifaa vingi vya umeme: ABS (inayozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki) unayoweza kuizima, basi.

Bei ya urahisi huo ni kimo. Kiti ni sentimita 87.5. Mtu mfupi anasimama kwa ncha za vidole, na kwenye foleni ya Ubungo au Thika Road hilo linachosha kuliko mchanga. Tanki ni lita 16, hesabu kilomita 350. Upepo wa lami unakupiga kifuani.

3. Honda CB500X, sasa NX500

Hii ndiyo ninayowaambia wanaotoka kwenye cc 150 moja kwa moja. cc 471, laini, karibu kilo 197, na inakunywa mafuta kama ndege: kilomita 27 kwa lita si ajabu. Itakusamehe ukikosea klachi.

Angalia mwaka kwa makini. Za 2013 hadi 2018 zina rimu ya mbele ya inchi 17, yaani ni pikipiki ya lami iliyovaa koti la safari. Kuanzia 2019 ikapewa inchi 19 na shokapu ndefu kidogo. Tofauti hiyo muuzaji hatakuambia, na kwenye picha za mtandaoni ni vigumu kuiona. Tangu 2024 inaitwa NX500. Kupanda mlima na abiria mnene inabidi urudishe gia, hakuna njia nyingine.

4. Honda Transalp XL750

Pikipiki nzuri kuliko nafasi niliyoipa. cc 755, kilo 208, rimu 21 na 18, nguvu za farasi zaidi ya 90, kiti sentimita 85. Imekaa katikati ya Ténéré na Africa Twin kwa akili sana. Kinachoishusha ni upya wake: imeanza 2023, zilizotumika ni chache na bei bado ina joto. Baada ya miaka mitano huenda nikaiandika namba moja.

Kuna Transalp za zamani pia, zile za V kuanzia 1987. Ukiipata iliyotunzwa, sawa, ila ya kabureta na miaka thelathini ni mapenzi, usiite ununuzi.

5. Honda Africa Twin

Najua nitatukanwa. Jina lenyewe lina Afrika ndani yake, na halikuokotwa: Honda ya silinda mbili ilishinda Paris–Dakar mara nne mfululizo, 1986 hadi 1989, na ya kuuzwa kwa watu ikatoka 1988 ikiwa na cc 650. Ya sasa ilirudi 2016 ikiwa na cc 998, kisha 1,084 kuanzia 2020. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, sasa ikiwa lami, ni kama ilichorwa kwa ajili yake.

Lakini kilo 226, na ile ya gia za kujibadilisha yenyewe inaongeza kama kumi. Weka mabegi, maji, mke. Kwenye tope jeusi la mbuga halafu jioni, peke yako, hutafurahia jina. Ukiwa na mwenzako wa safari na miguu mirefu, ipandishe hadi namba mbili. Kwenye iliyotumika kagua spoki moja moja kwa kutu.

6. BMW za GS

Familia hii ndiyo iliyoanzisha mchezo: R 80 G/S ya 1980, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akashinda nayo Paris–Dakar. R 1200 GS na R 1250 GS ni za shafti, hakuna mnyororo wa kupaka oili, na kwa safari ndefu ya lami sijakaa juu ya kitu kizuri zaidi. Ila R 1250 GS ni karibu kilo 250, na taa ya onyo ikiwaka unahitaji kompyuta inayoelewana nayo. Uliza kwanza, katika mji unaoishi, nani anayo. Ndogo yao, F 800 GS ya 2008 hadi 2018, ina mnyororo na rimu ya inchi 21, na ndiyo ningeitazama.

Nje ya orodha: Kawasaki Versys 650 ni tamu, ila rimu zote mbili ni 17, inunue ukijua ni ya lami. CFMoto 450MT inanivutia sana, kilo 175 kabla ya mafuta, rimu 21 na 18, kiti sentimita 82. Kwenye karatasi inajibu maswali yangu yote mawili. Nasubiri kuziona zikiwa na kilomita elfu hamsini za huku kwetu.

Ukifika kwa muuzaji

Fika asubuhi na ukute injini ya baridi. Iliyowashwa kabla hujafika ina jambo inaficha. Pindua usukani polepole gurudumu la mbele likiwa hewani; ukihisi kishimo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tazama meno ya sproketi, yakiinama kama ndoano hesabu seti nzima. Pima betri injini ikizunguka juu kidogo: volti 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo chaji ina matatizo, na koili yake haipatikani kijiweni. Dai funguo mbili, kwa kuwa nyingi zina chipu. Ingiza mkono chini ya kiti na nyuma ya injini: kutu ya unga mweupe kwenye aluminiamu ni chumvi, ya pwani au ya barabara za theluji ilikotoka.

Kwa inayotoka Japani, pata hesabu ya wakala wa forodha kabla ya kutuma hata senti. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pikipiki ni asilimia 25, juu yake VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na tozo nyingine. Ushuru unapigwa kwa thamani iliyojumlisha na meli, na VAT inapigwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Na yule Mzungu aliyefika Nairobi kutoka Cairo, amechoka, anauza GS yake kwa bei ya kutupa: ikiwa iliingia kwa hati ya muda, haijalipiwa ushuru. Bei yake ni ya kutupa kwa sababu hiyo.

Oili, iwe yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha oili za pikipiki. Kwa nyingi kati ya hizi klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze.

Mwisho, muombe muuzaji mahali penye majani, uilaze taratibu ubavuni, ekzosi juu. Ipeleke gia ya kwanza, igeuzie mgongo, kalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye mshikio wa usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inayoinua, mgongo uache. Ukishindwa mara mbili, chagua iliyo nyepesi zaidi kwenye orodha.