Mzio wa pua na dawa za Kichina: uzoefu wangu wa vidonge, Cang Er Zi San na Yu Ping Feng

Ukiingia duka la dawa hapa Guangzhou ukaeleza kwamba unapiga chafya mfululizo kila asubuhi na kamasi zinatiririka kama maji, utaonyeshwa vidonge, mitishamba ya kuchemsha, au chembechembe za kukoroga kwenye maji moto. Nimetumia vyote vitatu. Kazi zake hazifanani, na maandishi ya kwenye boksi wengi wetu hatuyasomi.

Vidonge vinavyosifiwa zaidi ni Bi Yan Kang Pian. Ni kweli vinakata chafya haraka, lakini sifa hiyo si ya mitishamba peke yake. Kila kidonge kina miligramu 1 ya klofenamini, dawa ileile iliyomo kwenye Piriton. Kipimo cha kawaida ni vidonge 4 mara 3 kwa siku, yaani miligramu 12, sawa na Piriton tatu za miligramu 4. Ndiyo maana vinaleta usingizi na kukausha mdomo. Anayevimeza huku akiendelea na Piriton yake anajiongezea dozi bila kujua, na kuendesha pikipiki katika hali hiyo ni hatari. Kwenye boksi tafuta maandishi 氯苯那敏, yaani klofenamini. Tafuta pia 麻黄, yaani ma huang, mmea wenye efedrini: huzibua pua vizuri, lakini hupandisha presha na kuufanya moyo uende mbio. Mwenye presha aachane nao kabisa.

Kwangu mimi, dawa yenye thamani ni ile ya kuchemsha. Cang Er Zi San ni fomula ya zamani, tangu enzi ya wafalme wa Song wa China, na ina vitu vinne tu: cang er zi, ambazo ni mbegu zenye miiba, tumba za maua ya magnolia zinazoitwa xin yi, mzizi wa bai zhi, na bo he, ambayo ni aina ya nanaa. Kwa mtu mzima, vipimo vya kawaida kwa siku ni gramu 6 hadi 9 za kila kimoja cha vitatu vya kwanza, na gramu 3 hadi 6 za bo he.

Hapa kwenye kuchemsha ndipo wengi wanapoiharibu. Tumia chungu cha udongo au sufuria isiyoshika kutu, si ya chuma wala alumini. Loweka kwenye maji baridi kwa nusu saa, maji yapite mitishamba kwa vidole viwili. Xin yi ifunge kwenye kitambaa chepesi, kwa sababu tumba zake zina vinyweleo vinavyobaki kooni na kukukohoza siku nzima. Chujio la chai haliviwezi. Ikishachemka punguza moto, funika, ihesabie dakika 10 hadi 15 tu. Bo he itie dakika 5 za mwisho. Nguvu ya dawa hii iko kwenye mafuta yenye harufu, kwa hiyo ukiichemsha saa nzima kama supu ya makongoro, dawa yote inaishia hewani na wewe unabaki na uchungu mtupu. Chemsha mara ya pili, changanya maji yote, gawa mara mbili, unywe yakiwa moto baada ya kula.

Kitu cha kuogopa humo ni cang er zi. Mbegu hizi zikiwa mbichi zina sumu inayoshambulia ini. Zinatakiwa zikaangwe bila mafuta hadi ziwe kahawia na miiba ikatike. Ukiuziwa zenye rangi ya kijani kijivu, miiba bado mizima, zirudishe. Usizidishe gramu, wala usinywe miezi mfululizo. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini asiziguse. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito au macho yakigeuka manjano, acha siku hiyohiyo ukapime ini.

Nafuu niliyoipata ni ya saa chache: pua inafunguka, kichwa kinakuwa chepesi. Mzio wenyewe haukuondoka. Pua ikiwa kavu au inatoka damu, usiijaribu.

Yu Ping Feng, zile chembechembe za kukoroga, ni ya kinga: ina mizizi mitatu, huang qi, bai zhu na fang feng, kwa uwiano wa 3 kwa 1 kwa 1 katika chembechembe za dukani, pakiti ya gramu 5 mara 3 kwa siku. Utamu wake unanyweka. Ukitegemea ikuzibue pua leo utasema ni maji ya sukari, kwa kuwa hutumiwa kwa wiki kadhaa. Kwangu chafya za asubuhi zilipungua, hazikuisha, na majaribio mengi yaliyofanywa juu yake ni madogo. Anayemeza dawa za kushusha kinga ya mwili, mfano aliyepandikizwa figo, amwone daktari wake kwanza kwa sababu ya huang qi.

Dawa ya steroidi ya kupuliza puani sijaiacha. Na kwa Guangzhou, mji wenye unyevu kama Dar na Mombasa, adui mkubwa ni wadudu wa vumbi walioko kwenye godoro. Shuka na foronya fua kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, la sivyo unachemsha chungu jikoni huku chanzo cha mzio unalalia.