Kisu cha Opinel nambari 8, cha chuma cha kaboni

Marehemu baba alinifundisha kuwasha moto siku ya mvua kwa kupasua ukuni hadi kwenye moyo wake mkavu, kisha kuuchonga taratibu ili nyuzi nyembamba zijikunje bila kukatika, na kwa kazi hiyo kisu hiki cha kukunja cha kampuni ya Kifaransa ya Opinel, chenye bapa la takriban sentimita 8.5, kinanikumbusha mikono yake kila ninapokishika. Pete ya kufungia bapa, iliyobuniwa mwaka 1955, hulinda vidole, jambo ambalo baba hakulifanyia mzaha kamwe. Chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi lakini hushika kutu upesi, kwa hiyo sharti kikaushwe na kupakwa mafuta, kama alivyosisitiza. Kwa kupasulia magogo hakifai, tumia shoka.