Tindo ipi ununue ukitaka kuchonga herufi kwenye jiwe

Ukiingia dukani kutafuta tindo ya kuchongea maandishi, anza na jiwe, bei baadaye. Tindo inayoteleza vizuri kwenye marumaru hufa makali kwenye graniti kabla hujamaliza herufi moja. Mimi nachonga vibao vya makaburi, na hapa nimevipanga vifaa kama ninavyomwelekeza kijana anayeanza kazi na hela yake ni ya kubana.

Namba moja ni tindo bapa yenye ncha ya tungsteni, upana wa milimita 8 hadi 10. Ncha hiyo ni kipande kigumu kilichoungwa kwenye mwili wa chuma, na inakata marumaru, jiwe la chokaa hata graniti. Kabla hujalipa, kagua pale ncha inapokutana na chuma: ukiona mwanya au vitundu, irudishe. Halafu iweke kwenye rula uelekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, makali yamepinda. Usiuziwe tindo ya kubomolea zege. Hiyo ndiyo imejaa madukani, na makali yake ni manene mno kwa herufi. Tungsteni ina udhaifu mmoja, ni ngumu lakini inamegeka. Ikianguka sakafuni kona inaweza kuruka. Kuinoa kunataka jiwe la kijani la mashine au bamba la almasi, na ikipata moto usiitumbukize majini, itapasuka.

Pesa ikibaki, ongeza ya milimita 5 au 6 kwa ajili ya mikunjo ya S na O. Seti ya tindo kumi niliwahi kuinunua, nikatumia mbili tu. Nunua mojamoja.

Namba mbili ni tindo ya chuma kitupu. Kwa marumaru, jiwe la sabuni la Tabaka kule Kisii, au matumbawe, naipenda kuliko tungsteni, kwa sababu inashika makali membamba na unainoa kwa jiwe la kawaida la maji. Mafundi wa pwani yetu walichonga matumbawe ya baharini yakiwa bado mabichi na laini, kisha yakakauka na kukomaa. Maandishi ya Kikufi, yaani mwandiko wa kale wa Kiarabu, katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na bado yanasomeka. Nikiyakumbuka hayo, siwezi kumdharau mtu mwenye tindo na nyundo tu.

Nyundo nayo isisahaulike. Chagua yenye kichwa cha mviringo, uzito wa gramu 500 hadi 700. Macho yako yanakaa kwenye ncha ya tindo, si kwenye nyundo, na kichwa cha mviringo hupiga sawa upande wowote kitakaotua. Nyundo ya misumari itakuchosha mkono na kukupotezea mstari.

Grainda naiweka ya tatu. Ni nzuri kwa kukata kibao na kuchora mistari ya pembeni. Kwa herufi inaharibu: diski ni duara, kwa hiyo ili ifike chini kwenye kona lazima ipitilize juu, na kila herufi inaota mkia.

Mashine ya kupuliza mchanga ni ya mwisho kwa anayeanza, maana inataka kompresa kubwa na mpira wa kukata herufi na kubandika kwenye jiwe. Inafaa karakana yenye oda nyingi.

Barakoa ya vumbi laini nunua siku ileile unayonunua tindo, hasa kwa graniti. Vumbi lake lina silika, na silika huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Kitambaa cha kufunga puani hakilizuii. Nunua na miwani ya kukinga macho.

Jiwe la kujifunzia usinunue. Nenda kwa wanaokata meza za jikoni uombe vipande vya marumaru vilivyobaki.