Waya wa netiweki kwa sisi wa Mtwara na Lindi: upi namba moja na upi uuache dukani

Wakuu, hii naiandika kwa wenye ofisi, loji, shule au maghala ya korosho huku kwetu mnaotaka kuvuta netiweki halafu muuzaji anakwambia waya ni waya tu chukua wowote. Sio kweli jamani. Na ile nyingine kwamba lazima kila kitu kitoke kampuni moja la sivyo haiwaki, nayo sio kweli. Kuchanganya inawezekana kabisa, ila kuna pa kuchanganya na kuna pa kuacha.

Kuna loji moja Shangani ya Mtwara nilifunga kamera, mwenye nyumba alishanunua boksi la waya limeandikwa Cat6 (daraja la waya wa netiweki, juu ya Cat5e), tesita ikawasha taa zote nane nikaondoka. Usiku simu, kamera zinazima zinawaka, mchana freshi kabisa usiku ndo tabu, siku tatu nahangaika na swichi kumbe waya. Kamera usiku inawasha taa zake za kuonea gizani, inavuta umeme mwingi kuliko mchana, na umeme wake unapita kwenye waya huo huo wa netiweki, na ule waya ulikuwa aluminiamu iliyopakwa kopa (shaba) kwa juu, inazuia umeme zaidi ya kopa, sasa kwenye mita themanini kamera inafikiwa na umeme ambao hautoshi. Tukavuta upya wote. Iliniuma sana, maana hela ya watu ilishaenda.

Kwa hiyo namba moja yangu ni Cat6 kopa tupu, alafu jeki za ukutani (matundu ya kuchomekea), pachi paneli (ubao wa matundu kwenye kabati la swichi) na pachi kodi (waya mfupi wa kuchomeka) ziwe za kampuni moja. Waya wa ndani ya ukuta unaweza kuwa wa kampuni nyingine, mradi ni Cat6 ya kweli. Kwa nini? Ndani ya waya kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne, na pale kichwa (plagi ya mwisho wa waya) kinapoingia kwenye jeki ndipo kelele za jozi moja zinarukia jozi nyingine, na jeki imetengenezwa izifute hizo kelele. Viwango vya TIA (chama cha Marekani kinachoweka viwango vya nyaya za mawasiliano) vinataka jeki ya Cat6 ikubaliane na vichwa vyote vilivyo ndani ya mipaka, ndo maana hata ukikosa za kampuni moja, kampuni mbili halali zinaoana, feki ndo haimo kwenye mpaka wowote. Na ukiweka jeki ya Cat5e kwenye waya wa Cat6, laini nzima hesabu ni Cat5e.

Namba mbili, kila kitu kampuni moja. Kampuni kubwa zinatoa waranti hata ya miaka 25 kwa mfumo mzima, ila vitu vyote viwe vyao na fundi awe wanamtambua. Benki au hospitali hii ndo iwe ya kwanza. Sisi wengine jeki moja ikifa unasubiri mzigo wa Kariakoo, hadi Mtwara zaidi ya kilomita 500, na mnakumbuka Mei 2024 barabara ilivyokatika Somanga.

Namba tatu Cat5e kopa tupu, inabeba kasi ya giga 1 kwa sekunde hadi mita 100, duka au shule ndogo inatosha sana na ni bora mara kumi kuliko Cat6 ya uongo. Mkiani kabisa ni chochote kilichoandikwa CCA, ndo ile aluminiamu iliyopakwa kopa, hata kama bei inakuita.

Kupima dukani: omba kipande, kwangua kwa kisu, ndani ikiwa nyeupe ni aluminiamu. Sumaku haisaidii, haivuti kopa wala aluminiamu. Inua boksi la mita 305, la kopa ni zito haswa. Alafu nenda na kipande hicho hicho ukijaribu vichwa, maana nyuzi za Cat6 kwa kawaida ni nene kuliko za Cat5e na kichwa cha Cat5e mara nyingi hazipiti, fundi anaanza kulazimisha. Ulizia kichwa cha waya ambao kila uzi ni kopa moja nzima, sio cha waya ambao kila uzi ni vinyuzi vingi laini, na kwa upepo wa chumvi wa Mikindani na Lindi mjini chukua chenye dhahabu ya maikroinchi 50, vyenye dhahabu nyembamba vinaota kutu mapema.

Tesita ya taa inakwambia tu waya haujakatika, ukichukua uzi wa jozi hii na uzi wa jozi ile ukazifanya jozi moja, huku namba zinalingana pande zote mbili, haioni kitu. Mimi siku hizi nanunua boksi moja, vichwa kumi na jeki nne, natengeneza laini moja ndefu kama itakavyokuwa kazini, mpangilio wa rangi wa B (T568B) pande zote mbili, nachomeka laptopu mbili za giga na kuendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya netiweki, nusu saa. Ikikaa kwenye megabiti 940 hivi kwa sekunde naagiza vilivyobaki vije na basi la usiku huo huo, ikishuka kwenye 90 na kitu kuna jozi imelala, nabadilisha vichwa kwanza, ikigoma tena boksi linarudi dukani.