Tathmini ya Huduma: Ofisi ya Mbunge Wetu wa Kongresi na Kura Yake ya Fedha za Vita vya Iraq

Wenzetu wanaopata uraia wa Marekani huelekezwa mapema namna ya kuchagua bima ya afya, benki na shule ya watoto, lakini ni wachache wanaoambiwa kwamba ofisi ya mbunge wa Kongresi nayo ni huduma, imelipiwa kwa kodi zao, na inaweza kupimwa kama huduma nyingine yoyote. Ninayoitathmini hapa ni ofisi niliyoitumia katika miaka ya mwisho ya utawala wa George W. Bush, katika eneo moja la uchaguzi la Kati-Magharibi ya Marekani. Jina la mwenye ofisi silitaji, kwa kuwa wabunge 86 wa chama chake cha Demokrati, yeye akiwemo, walipiga kura ya kutoa fedha za vita vya Iraq tarehe 24 Mei 2007, na nitakayoyasema yanawahusu wote. Ninaandika kwa ajili ya wapiga kura wapya wanaoniuliza mbunge wa huku ni wa kazi gani, maana wengi wao wametoka katika nchi ambako mbunge hupimwa kwa michango ya harambee na mabati ya shule.

Nianze na upande wa kaunta, ambao nausifu bila kinyongo. Ofisi ya eneo letu ilikuwa wazi siku zote za kazi, wahudumu wake walikuwa na adabu, na hapakuwa na malipo ya aina yoyote. Mtu aliyekwama katika Idara ya Uhamiaji, mjane aliyekuwa akisubiri mafao ya Hifadhi ya Jamii au askari mstaafu aliyenyimwa matibabu alijaza fomu ya ridhaa, kwa sababu sheria ya faragha haimruhusu mbunge kufungua faili la mtu bila saini yake, kisha karani akaandika barua ya kuulizia. Faili la ndugu yangu, lililokuwa limelala kwa muda mrefu bila jibu, liliamka baada ya barua kama hiyo. Ofisi hiyohiyo ilipanga ziara za Ikulu, iliuza kwa bei ya gharama bendera zilizopeperushwa juu ya jengo la Kongresi, na iliwapendekeza vijana wa eneo letu kujiunga na vyuo vya kijeshi kama West Point. Hilo la mwisho watu wetu wengi hawalijui, na inafaa kulikumbuka tutakapofika kwenye suala la vita.

Barua ni habari nyingine. Tangu mashambulizi ya mwaka 2001, ambapo vijidudu vya ugonjwa wa kimeta vilitumwa ndani ya barua, barua zinazopelekwa Kongresi hupitishwa kwanza katika mionzi, kwa hiyo huchelewa sana. Anayetaka kusikika kabla ya kura apige simu. Nilipiga simu na barua pia niliandika. Majibu yalikuja yakiwa na saini ya kuchapwa na maneno ambayo jirani yangu, aliyeandika akiwa na msimamo ulio kinyume na wangu, aliyapokea vilevile, neno kwa neno. Sishangai sana, kwa kuwa mbunge mmoja wa Baraza la Wawakilishi wakati ule alihudumia zaidi ya watu laki sita na hakuweza kumwandikia kila mtu barua yake. Hata hivyo, barua inayowaridhisha wanaopinga vita na wanaoviunga mkono kwa pamoja haijasema lolote.

Sasa nije kwenye kura yenyewe. Katika uchaguzi wa Novemba 2006, ambao kwangu ulikuwa wa kwanza, chama cha Demokrati kilichukua Mabaraza yote mawili ya Kongresi kwa sababu ambayo hakuna aliyeificha: wananchi walikuwa wamechoshwa na vita vya Iraq. Mgombea wetu alisema waziwazi kwamba tukimpeleka Washington, au tukimrudisha, atasaidia kuvikomesha. Januari 2007, kana kwamba matokeo yale yalikuwa ya nchi nyingine, Rais Bush alitangaza kuongeza zaidi ya wanajeshi 20,000. Mwezi uliofuata Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 246 dhidi ya 182 azimio la kutokubaliana na ongezeko hilo, na mbunge wetu aliliunga mkono. Lilikuwa azimio lisilo na nguvu ya kisheria, la kusema tu. Machi, kwa kura 218 dhidi ya 212, Baraza likapitisha mswada wa bajeti ya nyongeza uliotoa fedha za vita huku ukiweka mwisho wa wanajeshi wa mapigano kuwepo Iraq kabla ya Septemba 2008. Mbunge wetu aliunga mkono na huo, na siku hiyo nilijiona kama mteja aliyepewa alicholipia.

Tarehe 1 Mei Rais akaitupilia mbali kwa kura ya turufu nakala ya mwisho ya mswada huo, iliyokubaliwa na Mabaraza yote mawili. Siku iliyofuata Baraza likajaribu kumshinda, likapata kura 222 dhidi ya 203, pungufu sana ya theluthi mbili zinazotakiwa. Hapo ndipo palipohitajika uvumilivu, kwa sababu Rais naye alikuwa amebanwa: alizihitaji fedha, na hakuna awezaye kumpa isipokuwa Kongresi. Ibara ya 1 ya Katiba ya Marekani inakataza kutolewa hata senti moja ya hazina bila mgawo wa kisheria, na inakataza pia fedha za jeshi kugawiwa kwa kipindi kinachozidi miaka miwili. Waandishi wa Katiba hiyo walijua walichokifanya; walikuwa wamewaona wafalme wakipigana kwa fedha za raia wasioulizwa. Mbunge angeweza kurudisha mswada wenye tarehe ya mwisho kwa mara ya pili, na ya tatu, au kutoa fedha za miezi michache tu. Badala yake, tarehe 24 Mei fedha za vita zikapita zikiwa hazina tarehe yoyote, kwa kura 280 dhidi ya 142. Warepublikani, yaani wabunge wa chama cha Rais, waliounga mkono walikuwa 194, na Wademokrati waliojiunga nao ni wale 86 niliowataja. Usiku huo Seneti ikafuata kwa 80 dhidi ya 14, na kesho yake Rais akatia saini. Vita vya Iraq na Afghanistan vilipata dola zinazokaribia bilioni 95 hadi mwisho wa Septemba.

Maelezo ya ofisi yalikuwa na hoja mbili, na zote mbili nilizichunguza kwa sababu nilitaka kumwelewa kabla ya kumlaumu. Ya kwanza ilikuwa kwamba sheria ile ilibeba pia mambo mema ya ndani ya nchi, hasa kupandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 5.15 kwa saa hadi 7.25 kwa awamu tatu. Kwa watu wetu hilo halikuwa jambo dogo. Wakati ule nusu ya ninaowafahamu walikuwa wakilea wazee katika nyumba za uuguzi, wakifua mashuka ya hoteli au wakipanga mizigo ghalani, na ongezeko hilo lilikuwa ni kodi ya nyumba au ada ya mtoto aliyeko Morogoro. Ningekuwa radhi kuipokea hoja hiyo kama isingekuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba Baraza liliyatenganisha mambo hayo siku ya kura. Fedha za ndani na mshahara vilipigiwa kura peke yake, vikapata 348 dhidi ya 73; fedha za vita zikapigiwa kura peke yake. Spika Nancy Pelosi mwenyewe aliunga mkono sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili. Mbunge wetu, kwa hiyo, hakulazimika kula nyama ya vita ili apate mchuzi wa mshahara. Vilikuwa katika mabakuli mawili, akaomba yote mawili. Kuniandikia barua inayoficha utengano huo ni kudhani kwamba mhamiaji hasomi kumbukumbu za kura, ilhali zinachapishwa na karani wa Baraza kwa jina la kila mbunge na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita haraka. Barua ilisema mbunge hawezi kuwaacha askari walioko vitani bila risasi na chakula. Wapo miongoni mwetu wazazi ambao kwao hilo halikuwa jambo la hotuba. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani, na tangu Julai 2002 amri ya Rais iliwafupishia njia ya uraia waliokuwa katika utumishi, kwa hiyo vijana kadhaa wa Kiafrika waliingia. Mama mmoja wa Kikongo, ambaye mwanawe alikuwa Iraq, aliniambia baada ya ibada, tena kwa ukali: “Wewe, ndugu yangu, unataka wamnyime mwanangu silaha ili upate raha ya moyo.” Sikumjibu pale, kwa sababu hofu ya mzazi haijibiwi kwa vifungu vya Katiba. Mbunge, hata hivyo, hakuwa mzazi mwenye hofu. Alikuwa mtunga sheria mwenye wanasheria ofisini, na alijua kwamba kukataa mswada mmoja hakuwakatii askari risasi asubuhi ya pili, kwamba wizara ya ulinzi ina njia za kuhamisha fedha kwa muda, na kwamba fedha zinaweza kutolewa kwa sharti la kuwarudisha askari hao salama.

Mfano wa karibu unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko unavyowahusu wao. Mwaka 1992 ndege za jeshi la Marekani zilikuwa zikiruka kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, kupeleka chakula Somalia. Desemba wakaingia wanajeshi wa nchi kavu, na Oktoba 1993 mapigano ya Mogadishu yakaua Wamarekani 18. Kongresi haikutoa azimio la masikitiko. Iliandika ndani ya sheria ya matumizi ya ulinzi kwamba fedha za operesheni hiyo zitakoma tarehe 31 Machi 1994, isipokuwa kwa kikosi kidogo cha kulinda wanadiplomasia. Hakuna askari aliyeachwa ufukweni bila risasi. Walipanda meli na ndege, wakaondoka kabla ya tarehe hiyo. Iwapo kuondoka kule kuliwafaa Wasomali ni mjadala mwingine, na mimi nina mashaka yangu. Ninachosema ni kwamba chombo kipo, kilikwisha kutumika, na aliyesema hakipo alikuwa akiwaeleza watu waliokiona kikifanya kazi jirani kwao. Miaka ishirini nyuma yake, mwaka 1973, Kongresi ilikuwa imetumia chombo hichohicho kuzuia mapigano kuendelea Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia) baada ya tarehe 15 Agosti.

Haki inanilazimisha niseme kwamba hata baadhi ya waliopiga “hapana” siku ile hawakustahili pongezi zote walizopewa. Kabla ya kura yenyewe hupigwa kura ya utaratibu inayoruhusu mswada kujadiliwa, na wengi wa chama hicho waliunga mkono utaratibu ule wakijua wazi kwamba ukipita, fedha nazo zitapita kwa nguvu ya Warepublikani, kisha wakaenda kupiga “hapana” yao mbele ya kamera. Anayempima mbunge wake asiishie kwenye kura ya mwisho. Wangu, angalau, hakujificha: alifungua mlango na akaingia.

Tulipata nafasi ya kumwuliza ana kwa ana katika mkutano wa hadhara wa majira ya kiangazi. Alijibu kwamba sheria imeweka vigezo 18 ambavyo serikali ya Iraq lazima ivitimize, na kwamba tusubiri ripoti za Julai na Septemba. Niliposoma sheria hiyo nilikuta kwamba adhabu ya kutotimiza vigezo iligusa misaada ya ujenzi mpya tu, na Rais alikuwa na ruhusa ya kuiweka kando. Wanajeshi hawakuguswa kabisa. Ripoti zilikuja, Jenerali David Petraeus, kamanda wa majeshi ya Marekani nchini Iraq, akatoa ushahidi wake mwezi Septemba, na Desemba Kongresi ikaongeza dola bilioni 70 nyingine zisizo na tarehe. Mwaka 2007 ulimalizika ukiwa ndio uliowaua wanajeshi wengi zaidi wa Marekani tangu vita hivyo vianze, na Wairaki waliokufa hawakutajwa hata mara moja katika barua yoyote niliyopokea kutoka ofisi ile. Wanajeshi wa mwisho waliondoka Desemba 2011, kwa makubaliano ambayo serikali ya Bush mwenyewe ilitiliana saini na serikali ya Iraq mwaka 2008, si kwa sharti lolote la fedha lililowekwa na mbunge wetu.

Kwa hiyo huduma hii naipa alama mbili zilizo mbali sana. Kwa kufuatilia mafaili ninaipa nyota nne kati ya tano, na hadi leo humshauri yeyote mwenye shida ya pasipoti, visa ya familia au mafao aende katika ofisi ya mbunge wake kabla hajamlipa wakili. Kwa kazi ambayo karani hawezi kumfanyia mbunge, yaani kuinua mkono au kukataa kuuinua fedha za vita zinapoombwa, ninaipa nyota moja, nayo ni ya kura ya Machi. Wapo waliotetea kwamba alama hizo zijumlishwe ili apate wastani wa haki. Siwezi kuzijumlisha, kwa sababu barua ya kuulizia visa ingeweza kuandikwa na ofisi ya mbunge yeyote kati ya wote 435, lakini kura ya tarehe 24 Mei, kwa niaba ya eneo letu, ilikuwa moja tu.

Katika kura za mchujo za 2008 nilimpigia mpinzani wake, mtu asiyejulikana sana, ambaye alishindwa vibaya. Anayetaka kuzuia jambo kama hili mapema azingatie kalenda: miswada ya matumizi ya ulinzi huanza katika kamati miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na simu inayopigwa wakati kamati inaandika vifungu ina uzito kuliko zile zinazopigwa usiku wa kura. Omba kuzungumza na msaidizi wa masuala ya ulinzi, si dada wa mapokezi, ambaye atakuandika tu katika safu ya “ndiyo” au “hapana”. Mwulize mambo mawili: mbunge atapigaje kura ya utaratibu, na sharti gani la tarehe analolidai. Jibu likija bila tarehe, liandike hivyo.