Kasha Dogo la Kompyuta Kutoka Mbeya: Ukuta Unaohama Nimeukubali, ila Milimita 4 Ziongezwe

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nipo hapa Mwanjelwa na mezani nina kitu nilichokisubiri kwa hamu kweli. Hiki hapa. Dogo, sogeza kamera, wakione vizuri.

Hili ni kasha la kompyuta la lita 8.7. Urefu milimita 320, kimo 210, upana 130. Limechorwa na kijana wa hapa hapa Mbeya kwa FreeCAD, programu ya bure kabisa, na alumini ya milimita 1.5 imekunjwa na fundi bati kule Sido. Usilitafute dukani, bado halipo. Ni sampuli ya majaribio, ndiyo maana unaona alama za kalamu kwenye bati na rangi haijapigwa. Ameniletea nilichambue kabla hajakata toleo linalofuata, na ameniambia niseme kila kitu. Nitasema.

Mambo ya Mini-ITX na SFX mnayajua, siyarudii. Wale wageni: SFX ni pawasaplai ndogo, Mini-ITX ni mazabodi ile ndogo ya milimita 170 kwa 170, inakaa upande mmoja, GPU, yaani kadi ya picha, inakaa upande wa pili, katikati kuna ukuta, na waya bapa uitwao raiza unaziunganisha. Basi. Twende kwenye huo ukuta, maana ndio ulionifanya niwashe kamera.

Angalieni. Nafungua bamba la ubavuni. Sasa huku ndani, juu na chini, mnaona matundu matatu matatu kwenye fremu? Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 10. Ukuta wa katikati umeshikwa na skrubu za M3 kwenye matundu hayo. Nachukua bisibisi, nalegeza hizi za juu... na hizi za chini... nazitoa. Sasa oneni mkono wangu. Nausukuma. Umehama! Mazabodi imehama nao, raiza imehama nayo, bamba la nyuma lenye matundu ya USB na HDMI limehama pia kwa sababu limeungwa na ukuta. Nyuma pamebaki uwazi wa milimita 10 upande huu, na kijana amekata kipande chembamba cha kuziba. Nakichomoa kushoto, nakipachika kulia. Nakaza skrubu. Tayari.

Hebu ngoja nirudie taratibu, maana hapa ndipo ilipo akili ya kazi hii. Ukiondoa unene wa mabati, ndani umebakiwa na milimita 125.5 za kugawana. Nafasi ya kwanza, GPU inapewa 45, upande wa mazabodi unabaki na 80.5. Nafasi ya pili, GPU 55, mazabodi 70.5. Nafasi ya tatu, GPU 65, mazabodi 60.5. Sasa upande wa mazabodi hutumii zote. Toa nguzo fupi za skrubu, toa unene wa bodi, toa soketi na prosesa, kama milimita 16 hivi zimekwenda. Kwa hiyo kipoza joto cha prosesa kinaweza kuwa na kimo cha 64 hivi, au 54, au 44, kutegemea ukuta uko wapi. Mwenye ID-Cooling IS-55, ile ya milimita 57, anakaa nafasi ya kwanza. Mwenye Thermalright AXP90-X47, milimita 47, nafasi ya pili. Mwenye Noctua NH-L9 ya milimita 37 anakwenda hadi ya tatu. Na kote huko juu ya feni inabaki kama milimita 7 ya hewa. Huyu kijana hakubahatisha, alipima.

Na raiza je? Watu wengi wakisikia ukuta unahama wanafikiri waya utavutika. Hauvutiki. Mazabodi na soketi ya GPU zote zimefungwa kwenye ukuta uleule, kwa hiyo umbali kati yao haubadiliki kabisa. Waya umejikunja vilevile nafasi zote tatu. Hapo nilimpigia simu usiku kumpongeza.

Sasa kwa nini nimeshikilia ukuta huu kiasi hiki? Kwa sababu sisi hatuchagui kadi. Mtu wa Ulaya anafungua tovuti, anachagua GPU yenye vipimo anavyotaka, analetewa. Wewe wa Mbeya, au Iringa, au Njombe, unanunua kilichoshuka. Mzigo wa mitumba umekuja Kariakoo, kuna RX 580 nene, kuna GTX 1650 nyembamba, kuna RTX 3060 ambayo haina hata boksi, unampigia jamaa, anakutumia picha, unalipa, inapakiwa kwenye basi. Unene wa kadi unahesabiwa kwa sloti, na sloti moja kitaalamu ni milimita 20.32, kwa hiyo kadi ya sloti 2 inakula kama 41 na ya sloti 3 inakula kama 61. Kasha lenye ukuta uliogandishwa linakulazimisha ujue leo utapata kadi gani mwakani. Hili halikulazimishi. Limebuniwa na mtu anayejua soko letu linavyokwenda.

Wapo watakaosema wazo si jipya. Sawa. FormD T1 ina ukuta unaohamishika na ni ya lita 10 hivi, kasha zuri sana, nalikubali. Na kabla yake kulikuwa na Dan A4-SFX ya yule Mjerumani Daniel Hansen, lita 7.2, aliyechangisha pesa kwa watu mtandaoni kupitia Kickstarter mwaka 2016. Kabla yake tena NCASE M1, 2013. Hawa wote walianza kama huyu kijana wetu: mtu mmoja au wawili, mchoro, sampuli, watu wanatoa maoni, anarekebisha. Ila jumlisha usafiri na ushuru mpaka lifike Mbeya, halafu uniambie. Na ukilikwaruza, bamba jingine unaagiza wapi? Hili ukilikwaruza unatembea hadi Sido.

Nimepokea pia ujumbe unasema, mbona nisinunue tu OptiPlex ndogo ya Dell iliyotumika, bei poa, imekamilika? Ndugu yangu, nunua kama ni ya ofisi. Ni mashine imara. Lakini ile OptiPlex 7010 ndogo ina pawasaplai ya wati 240 yenye umbo lake yenyewe, na kadi inayoingia ni ile fupi tu, nusu kimo. Utaweka RX 6400 fupi, utacheza, utafurahi, na hapo ndipo utakapoishia. Hatushindanishi vitu hivi.

Haya, sasa kero. Mniwie radhi, nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu nalipenda kasha hili.

Nafasi ya tatu. Nimewaambia upande wa mazabodi unabaki na milimita 60.5, sivyo? Nachukua pawasaplai ya SFX. Nachukua venia, kifaa cha kupimia unene. Oneni hapa, naibana... someni wenyewe. 63.5. Ndiyo kipimo cha SFX dunia nzima, haikwepeki. Na kwenye kasha hili pawasaplai inakaa mbele, upande uleule wa mazabodi. 63.5 haiingii kwenye 60.5! Milimita 3 zinakosekana. Najaribu kuipachika mbele yenu... mnaona kona yake inavyogonga ukuta? Haiendi.

Suluhisho la kijana ni kwamba ukifika nafasi ya tatu unatoa SFX na kuweka Flex ATX, pawasaplai nyembamba yenye upana wa milimita 40.5, na amekuchapia kishikizo chake kwa printa ya 3D. Kishikizo kimetoka safi, na amefanya vizuri kutumia plastiki ya PETG badala ya ile ya PLA, maana PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi na humu ndani kuna joto. Lakini Flex ATX! Feni yake ni ya milimita 40, inapiga kelele ikipata kazi. Na mtu mwenye kadi ya sloti 3 ndiye mwenye kadi kubwa inayotaka umeme mwingi. Yaani yule anayehitaji pawasaplai nzuri kuliko wote ndiye unayemnyang'anya. Hapana. Hilo siliafiki.

Kuna siku nilifikiri kumshauri afute nafasi ya tatu, abaki na mbili. Nimebadili mawazo. Aiache, ila aongeze milimita 4 kwenye upana. 130 iwe 134. Upande wa mazabodi kwenye nafasi ya tatu unakuwa 64.5, SFX inaingia na milimita 1 inabaki. Ujazo unapanda kutoka lita 8.7 hadi lita 9. Yeye anasita kwa sababu ya hiyo namba. Anasema watu wakisikia 9 hawatalitazama. Kaka, najua unatazama video hii: lita ni namba ya kwenye tangazo, mtu hazioni mezani kwake. Milimita 4 hakuna atakayeziona kwa macho. Pawasaplai isiyoingia ataiona siku ya kwanza.

Hewa. Bamba la ubavuni limetobolewa kwa drili, tundu milimita 5, na kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine ni 7. Amepanga kwa kupishanisha, kama sega la nyuki, na amefanya la maana, kwa sababu ukipiga hesabu eneo lililo wazi ni asilimia 46. Angeyapanga mistari iliyonyooka lingekuwa 40 tu. Bei ileile ya drili, hewa zaidi. Akisogeza umbali uwe 6 atafika asilimia 63, lakini hapo kati ya tundu na tundu inabaki milimita 1 ya alumini na drili ya mkono itaichana. Hiyo iende leza, au atafute bati lililokuja na matundu yake tayari.

Jaribio la karatasi. Mashine imewaka, kadi inafanya kazi, naweka kikaratasi hiki kwenye bamba upande wa GPU. Imenasa. Naachia mkono. Bado imenasa. Nahamisha pembeni, pale ambapo hajatoboa... imeanguka. Kwa hiyo hewa inaingia palepale feni zilipo, haizunguki ndani.

Na kumbukeni sisi tuko juu. Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Feni ileile, mzunguko uleule, inabeba joto dogo zaidi. Vipimo vya joto unavyoviona kwenye video za watu wa pwani usivichukue kama vilivyo. Tunaokolewa na baridi yetu, hasa Juni na Julai. Mimi kwenye nafasi ya pili, na Ryzen 5 5600, baada ya kucheza saa nzima prosesa ilikuwa nyuzi 78. Kwa kasha la ukubwa huu nimeridhika. Ila vumbi likianza, naomba wavu mwembamba nyuma ya yale matundu. Wa kutoa na kuosha, tafadhali, usiugandishe kwa gundi.

Jambo dogo la mikunjo: kona za sampuli hii zinakutana vizuri sana. Mnaotaka kujaribu nyumbani, jueni kwamba bati likikunjwa vipimo vinabadilika. Kwa alumini ya 1.5 kila kona ya nyuzi 90 unatoa milimita 2 na nusu hivi kwenye mchoro bapa, la sivyo kasha linatoka pana. Kunja kipande cha majaribio kwa fundi yuleyule na mashine ileile, pima, ndipo uchore. Na kabla ya bati, kata boksi la karatasi ngumu. Kijana alianza na boksi, na ndilo lililomwonyesha kwamba nyaya za pawasaplai zinahitaji nafasi ya kujikunja.

Tangazo fupi la chaneli: kuanzia sasa video zitatoka Jumamosi badala ya Ijumaa, na nitakuwa Iringa kupima kompyuta za mezani zilizotumika, walioko huko andikeni maduka ya kupita. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele. Ndaga fijo, asanteni sana, kwa wote mnaochangia.

Bei. Kijana anafikiria shilingi 190,000 bila raiza. Raiza ndiyo inayouma, ya PCIe 4.0, ile ya kasi kubwa zaidi ya 3.0, si bei ndogo. Ukipata ya 3.0 ya bei nafuu, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya mazabodi, uweke sloti ya kadi iwe Gen 3, yaani 3.0, kwa mkono, la sivyo skrini inaweza kukatakata au isiwake kabisa. Kwa 190,000, likiwa na milimita 4 zaidi na wavu wa vumbi, nanunua kwa pesa yangu. Likibaki hivi, nawaambia wenye kadi za sloti 2 na 2 na nusu wanunue, wa sloti 3 wasubiri.

Kadi ya sloti 3 nimeshaazimwa na rafiki wa Dar, ipo kwenye basi. Toleo la milimita 134 likitoka kwa fundi, naifunga kadi hiyo humo hapa mezani, nafasi ya tatu, na SFX ndani. Mwenye Flex ATX ambayo haipigi kelele, andika jina lake kwenye komenti tuijaribu pia.