Seti ya dramu tano ya Mwanjelwa: inamfaa anayefuata nyayo za Bill Bruford?

Seti hizi zisizo na jina kubwa, zinazoshushwa Mbeya kutoka Dar es Salaam zikiwa kwenye maboksi mawili, wanunuzi wake wakubwa ni makanisa. Kwaya inahitaji mdundo wa 4/4, wa kuhesabu hadi nne, Jumapili, na kwa kazi hiyo zinatosha. Hapa zinapimwa kwa kazi nyingine: kijana wa Mwanjelwa au Iyunga, humuhumu Mbeya, anayetaka kupiga roki ya progresivu, muziki wenye hesabu za 5, 7 na 9, ambao kila pigo lazima lisikike peke yake. Mbao za dramu zenyewe hazina shida. Seti hizi zinakwama kwenye ngozi, matoazi na pedali, na huko ndiko hela iende kabla mtu hajawaza kuongeza tomu, zile dramu zisizo na waya.

Bruford ni kipimo kizuri kwa sababu kazi yake ilipita karibu kila mlango. Mwingereza huyu aliyezaliwa 1949 alikuwa mpiga dramu wa kwanza wa bendi ya Yes mwaka 1968, akaiacha 1972 wakati bendi imeanza kupata hela, akahamia bendi ya King Crimson. Mwaka 1976 alizunguka na bendi ya Genesis. King Crimson iliporudi 1981 alichanganya dramu za kawaida na za umeme za kampuni ya Simmons, kisha 1986 akaunda bendi yake ya jazi, Earthworks. Aliacha kupiga hadharani 2009 kwa miaka mingi na kusoma hadi udaktari wa falsafa. Kote huko alitambulika kwa snea yake, ile dramu yenye waya chini: imekazwa juu sana, fimbo inagonga ngozi na pete inayoibana kwa mpigo mmoja, na mlio unatoka mkali wenye kengele ndani yake. Sifa hiyo aliijenga bila ukuta wa tomu.

Basi tuanze na snea. Iliyomo kwenye boksi ni ya inchi 14 kwa 5.5, yenye skurubu 8 na pete nyembamba ya chuma. Ngozi ya kiwandani haifiki kwenye mlio wa Bruford. Ukiikaza hadi huko, inachomoka kwenye gundi ya ukingo wake. Weka ngozi ya safu moja yenye mpako mweupe, unene wa mil 10, yaani robo milimita hivi. Ya chini iwe nyembamba kabisa, mil 3. Wapo wanaofunga ngozi ya juu pande zote mbili kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, halafu wanashangaa waya za chini haziitiki.

Kabla ya kufunga, laza dramu tupu juu ya kioo bapa, ukingo wake wa juu ndio ukigusa kioo (wa chini una mabonde ya makusudi ya waya, usiuguse), washa tochi ndani yake, kisha zima taa ya chumba. Mwanga ukipenya chini ya ukingo, hapo mbao ina bonde na snea haitakaa kwenye sauti. Gundisha msasa namba 220 juu ya kioo hichohicho, uzungushe dramu taratibu hadi mwanga ukatike. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila skurubu. Kaza kwa vidole kwanza, halafu nusu mzunguko kwa ufunguo, ukivuka upande wa pili kila mara, usifuate duara. Gonga sentimita 3 kutoka kila skurubu na usawazishe, kisha endelea kwa robo mzunguko. Ukiona pete inaanza kubonyea katikati ya skurubu mbili, simama: hapo ndipo mwisho wa pete hii. Pete ya milimita 2.3 au ya kusubu inaruhusu kwenda juu zaidi, na haigeuki yai kwa kugongwa kila siku.

Waya za snea zikinguruma kila ukipiga tomu ya inchi 12, usizilegeze. Tomu na snea zinaitana kwa sauti moja. Ikaze au ilegeze tomu kidogo.

Matoazi yake ni hasara tupu. Ni ya shaba na zinki, yanalia kama mfuniko wa sufuria, na mlio hauishi haraka. Katika 7/8, mapigo saba unayoyahesabu mbili-mbili-tatu, hai-hati, yaani matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, ndiyo inayobeba hesabu; isipofunga kwa ukali, wasikilizaji wanapotea na bendi pia. Nunua kwanza hai-hati ya inchi 14 ya shaba na bati, hata ile yenye bati asilimia 8 tu. Ikifunga kwa sauti ya kukaba, hewa imenaswa katikati: inamisha toazi la chini kwa skurubu iliyo kwenye stendi.

Pedali ina mnyororo mmoja, na nati ya springi hulegea ndani ya nusu saa ya mapigo ya haraka. Ongeza nati ya pili ya kubana. Kwenye sakafu ya saruji seti nzima hutembea, kwa hiyo kipande cha zulia si pambo.

Tomu za 12, 13 na 16 zinaimba vizuri zikipata ngozi mpya. Lakini mpangilio wa Bruford wa miaka ya mwisho, tomu zikiwa bapa na hai-hati katikati, hautawezekana hapa: besi, dramu kubwa ya chini ya inchi 22, inazipandisha mno, na kishikio chake cha meno kinalazimisha mwinamo.

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na usiku wa Juni na Julai ni baridi kali. Seti ikitoka stoo kuingia ukumbi uliojaa watu, sauti inahama. Ingoje nusu saa kabla ya kuikaza. Kwa wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi, adui ni kutu: mafuta kwenye skurubu kila mwezi msimu wa mvua, na besi isilale juu ya saruji.

Dukani, omba boksi lifunguliwe, zungusha kila skurubu kwa mkono na ujaribu pedali kwa mguu. Muuzaji akikataa kufungua, nenda duka linalofuata.